UKIMWI: Tuwafuate Vijana Waliko

Zaidi ya miaka arobaini imepita tangu mwaka 1983, wakati wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini mwetu katika Mkoa wa Kagera. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kutoa taarifa za wagonjwa wake. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa 1983 hivi leo ni wazazi wa vijana. Kwa hiyo tunazungumza na kizazi ambacho hakikuyaona mazishi ya kila wiki, wala hakikuwaona ndugu zao wakikonda hadi kubaki mifupa. Kizazi hiki kimeukuta ugonjwa ukiwa na dawa zake, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini hatari inayozoeleka huacha kuogopwa, na tunaona kwamba jambo hilo sasa linawapata vijana wetu wa kiume.

Yafaa tuanze na hesabu, kwa kuwa pasipo hesabu maneno huwa mengi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba watu wazima 4.4 katika kila mia, wa umri wa miaka 15 na kuendelea, walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI. Utafiti huo huo ulikadiria maambukizo mapya ya watu wazima kuwa 60,000 hivi kwa mwaka, yaani zaidi ya watu 160 kila siku. Haya ni mafanikio makubwa tukilinganisha na miaka ya tisini. Hata hivyo, taifa linaloongeza watu 160 kwa siku katika orodha ya watakaomeza dawa maisha yao yote bado lina vita mikononi.

Katika utafiti wa mwaka 2016 na 2017, Mkoa wa Mwanza ulikuwa na maambukizo ya watu 7.2 katika kila mia, ambapo Mkoa wa Simiyu ulikuwa chini ya 4. Inawezekana kiongozi wa Bariadi akazisoma tarakimu hizo akapumua, akidhani kwamba moto uko kwa jirani. Hapo ndipo tunapotaka kutoa tahadhari. Mipaka ya mikoa huchorwa kwa ajili ya utawala. Kijana anayetafuta riziki haitambui, na virusi vinavyosafiri naye havina habari nayo.

Tuchukue mfano wa kijana wa Lingeka, au wa kijiji kingine chochote cha upande wa Bariadi. Simiyu ndiyo mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Pamba ikisha kuvunwa na kuuzwa, kijana huwa na fedha mfukoni kwa muda mfupi, na mikono mitupu kwa muda mrefu. Kiangazi kikikaza, hushika njia ya Lamadi akatokea barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na mbele yake liko ziwa. Wengine huenda mjini kuendesha pikipiki za abiria, wengine huenda machimboni Geita, na wengine huvuka maji kwenda Ukerewe, Ukara, Irugwa, Kome au Maisome kuvua dagaa na sangara. Mvua za masika ya kilimo zikirejea, baadhi yao hurudi kijijini kwa wazazi, kwa wake na kwa wachumba. Safari hii ya kwenda na kurudi ndiyo inayoifanya habari ya visiwani kuwa habari ya Lingeka, na habari ya Lingeka kuwa ya visiwani.

Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kuelezwa maisha ya kambi yalivyo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa kuwa mwanga huwakusanya. Mwezi ukipevuka taa hazifui dafu, na mitumbwi hupumzika kwa siku saba hadi kumi hivi. Katika siku hizo kambi nzima hukaa nchi kavu. Mgawo wa fedha umekwisha kutolewa, tajiri mwenye mtumbwi amekwisha kukata chake, na kijana wa miaka ishirini ana noti mkononi, hana kazi, hana mzazi wa kumwuliza, na mlangoni pake kuna kilabu cha pombe. Usiku uliotangulia alikuwa juu ya maji yanayoua watu kila mwaka. Ukimwambia kijana huyo kwamba virusi huenda vikamwua baada ya miaka kumi, atakujibu kwamba ziwa laweza kumwua kesho. Jibu hilo si la ujinga, ni la mtu aliyeyapima maisha yake kwa kipimo alichopewa. Asiyelielewa jibu hilo hawezi kumshauri.

Pamoja na hayo yako mabadilishano ambayo kila mtu anayajua na wachache huyasema hadharani. Mwanamke mwenye mtaji mdogo anahitaji dagaa wa kuanika na kuuza. Samaki ni wachache, wanunuzi ni wengi, na anayeamua ni nani apewe kwanza ni mwanamume. Kwa wenzetu wa Kenya, katika mwambao wa Nyanza, mtindo wa mwanamke kulazimika kutoa mwili wake ili apate samaki umepata hata jina lake, nao huitwa jaboya. Huku kwetu jina laweza kuwa jingine au lisiwepo, lakini jambo lenyewe lipo. Hatuoni haki ya kuwatupia wanawake lawama hii. Kijana anayemtumia mama wa watoto kwa ndoo ya dagaa hajapata mpenzi. Amefanya biashara ya dhuluma, na mara nyingi amenunua maradhi pamoja nayo.

Swali ni hili: je, vijana hawa hawajui? Swali hilo limekwisha kujibiwa, na limejibiwa hapa hapa kwetu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini, ulifanyika mpango ulioitwa Mema kwa Vijana katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza kama ulivyokuwa wakati ule, katika wilaya za Geita, Kwimba, Misungwi na Sengerema. Maeneo ishirini yalichaguliwa. Kumi yakapewa mpango, kumi yakaachwa yaendelee kama kawaida ili kulinganisha. Walimu walifundisha afya ya uzazi katika madarasa ya juu ya shule za msingi, wahudumu wa zahanati walifunzwa namna ya kuwapokea vijana bila kuwafokea, vijana wenyewe walishirikishwa kugawa kondomu vijijini, na wazazi waliitwa kwenye mikutano. Ulikuwa mpango mzuri, uliotengenezwa kwa makini.

Matokeo yake yanapaswa kusomwa na kila ofisa anayeandika mpango wa kazi. Ujuzi wa vijana uliongezeka, na wavulana wengi zaidi walisema kwamba wamechelewa kuanza kujamiiana au kwamba wametumia kondomu. Lakini damu ilipopimwa haikuonekana tofauti ya maana katika maambukizo ya virusi vya UKIMWI, wala katika virusi vya malengelenge ya sehemu za siri. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walirudi wakawapima vijana zaidi ya 13,000. Ujuzi ulikuwa bado umo vichwani. Tofauti katika maambukizo haikuwapo.

Wako watakaosema kwamba basi elimu haina faida. Hilo si fundisho tunalolipata sisi. Elimu ni msingi, na hakuna nyumba isiyo na msingi; ila haijapata kutokea mtu akalala juu ya msingi akasema ana nyumba. Kijana aliyefundishwa darasani akiwa na miaka kumi na minne hukutana na mtihani wenyewe akiwa na miaka ishirini, ameshaacha shule, yuko mnadani au mwaloni, amelewa, na wenzake wanamtazama. Katika mazingira hayo somo la darasa la saba halina nguvu ya kumshika mkono.

Kuna jambo jingine katika upimaji ule wa 2007 na 2008. Wanawake vijana walioambukizwa walikuwa 4.0 katika kila mia, na wanaume 1.8. Kwa mtazamo wa haraka mvulana anaonekana yuko salama kuliko msichana. Lakini wasichana hawa hawakuambukizwa na wavulana wa rika lao, kwa kuwa wavulana hao wengi hawakuwa na virusi. Waliambukizwa, kwa sehemu kubwa, na wanaume waliowazidi umri. Nchini mwetu maambukizo ya wanaume hupanda kadiri umri unavyosogea, yakafikia kilele chake katika miaka ya arobaini. Maana yake ni kwamba mvulana safi wa leo ndiye mwanamume mwenye virusi wa miaka kumi ijayo, na kwamba kati ya kuacha shule na kutimiza miaka thelathini kuna mlango ambao hatuna bawabu wa kuulinda. Tukimlinda kijana katika miaka hiyo, tutakuwa tumemlinda pia msichana ambaye bado yuko darasani.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo kijana anapokuwa mbali kabisa na huduma. Mwanamke hupimwa anapokwenda kliniki ya wajawazito, hata kama hakukusudia. Mwanamume hana kliniki yake. Zahanati zetu hufunguliwa saa ambazo yeye yuko shambani, au saa ambazo mvuvi amelala baada ya kukesha majini. Akifika hukuta benchi limejaa kina mama na watoto, na huenda mhudumu ni shangazi yake au jirani ya mama yake. Basi ugonjwa wa zinaa hutibiwa kwa dawa ya dukani au kwa mganga, na kipimo cha virusi huahirishwa hadi mwili utakapoanza kuisha. Utafiti wa 2022 na 2023 ulionyesha kwamba karibu watu wote waliojua kuwa wana virusi walikuwa wakimeza dawa. Pengo lilikuwa kwa wale wasiojua, na miongoni mwa wasiojua wanaume na vijana ndio waliojitokeza zaidi.

Ni lazima pia tuziangalie desturi zetu bila woga. Usukumani bado kuna mahali ambapo vijana hulifuata kundi la wasichana usiku, wakitoka mnadani au ngomani, wakisema chagulaga, hata msichana akatii kwa kuchoka au kwa kuogopa. Wazee wanaijua desturi hiyo na wengine huichekea. Tunasema wazi kwamba kumlazimisha mtu achague si mapenzi. Vilevile ile tabia ya kumpima uanaume kijana kwa idadi ya wanawake aliowapata hutoka kwetu wakubwa, na watoto wanaiona majumbani mwao kabla hawajaisikia mitaani.

Baada ya kusema hayo, ni wajibu wetu kutaja yaliyokwisha kuonekana kufaa. Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika Mwanza utafiti uliohusisha watu wazima wapatao 12,000 katika maeneo kumi na mawili, yakiwamo ya mwambao na ya visiwani. Wahudumu wa kawaida wa zahanati za kawaida walifunzwa kutibu magonjwa ya zinaa vizuri na kupewa dawa za kutosha. Maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40 katika miaka miwili. Utafiti mwingine wa namna tofauti, uliofanyika Rakai nchini Uganda, haukupata matokeo kama hayo, na wataalamu wamejadiliana sana kuhusu sababu zake. Lakini hakuna anayebisha kwamba kijana mwenye kidonda cha zinaa huambukizwa kwa urahisi zaidi, na kwamba zahanati yenye dawa ni bora kuliko isiyo nazo.

Pili ni tohara. Majaribio matatu yaliyofanyika Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, ambayo matokeo yake yalitolewa kati ya 2005 na 2007, yalithibitisha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa asilimia 60 hivi. Kwa jadi Wasukuma hawatahiri, na kwa hiyo mikoa yetu iliwekwa miongoni mwa mikoa ya kipaumbele mpango wa taifa ulipoanza mwaka 2009 na 2010. Wengi waliojitokeza walikuwa wavulana wadogo. Vijana waliopita miaka ishirini, ambao ndio walio hatarini leo, waliona haya au walikuwa safarini. Ieleweke pia kwamba tohara hupunguza hatari, haiiondoi. Na aliyetahiriwa hana budi kungoja wiki sita apone kabisa.

Tatu ni dawa. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi hutolewa bure nchini, na tangu 2016 kila anayegundulika hupewa bila kungoja adhoofike. Imethibitika kwamba anayezimeza sawasawa, hata virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kwa hiyo kumtibu mmoja ni kuwakinga wengi.

Anayedhani kwamba kambi za wavuvi haziwezi kubadilika aangalie upande wa pili wa mpaka wa Kagera. Katika kambi za wavuvi za kusini mwa Uganda, ikiwamo Kasensero, watu wazima wapatao wanne katika kila kumi walikuwa na virusi. Huduma za tohara na dawa zilipopelekwa huko kwa nguvu, wanaume waliotahiriwa walipanda kutoka theluthi moja hadi karibu theluthi mbili, na wenye virusi waliokuwa wakimeza dawa wakapanda kutoka chini ya sehemu moja ya tano hadi zaidi ya nne za tano. Kati ya 2011 na 2017 maambukizo mapya yalipungua kwa karibu nusu. Wavuvi walikuwa wale wale na ziwa lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni kwamba huduma ziliwafuata.

Wako wazazi na viongozi wa dini wanaohofu kwamba kumpa kijana kondomu ni kumpa ruhusa. Tunaiheshimu hofu yao, kwa kuwa inatokana na kuwapenda watoto wao, na mafundisho ya kungoja na kuwa mwaminifu yana nafasi ambayo hakuna daktari anayeweza kuijaza. Lakini mpango wa Mema kwa Vijana haukuwafanya vijana wawe waasherati zaidi. Kijana asiyetaka hatasukumwa na kondomu, na aliyekwisha kuamua hatazuiwa kwa kuikosa.

Kwa maoni yetu, basi, Serikali ya Mkoa na Halmashauri za Wilaya zingefaa kuyafikiria mambo manne.

La kwanza, huduma za mkoba zipangwe kwa kalenda ya vijana, si ya ofisi. Visiwani ziende wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika. Bariadi na wilaya jirani ziende kwenye minada na kwenye vyama vya msingi wakati wa ununuzi wa pamba. Na zifanyike jioni. Upimaji, matibabu ya magonjwa ya zinaa na ushauri wa tohara viende pamoja katika gari moja au boti moja.

La pili, vipimo vya kujipima vifike mwaloni. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2019 iliruhusu mtu kujipima mwenyewe, na iliruhusu kijana wa miaka 15 kupimwa kwa ridhaa yake. Sheria hiyo haitamsaidia mvuvi ikiwa kipimo kimefungiwa kabatini wilayani.

La tatu, mwenye virusi anayehama asipotee. Kijana aliyeandikishwa Bariadi apokelewe Nansio bila kuulizwa maswali ya kumfedhehesha, na apewe dawa za miezi kadhaa pale mwongozo wa tiba unaporuhusu, ili safari isimfanye aache kuzimeza.

La nne, tujitegemee. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na nchi nyingi zikatambua kwa mshtuko ni kiasi gani cha vita hivi kilipiganwa kwa mfuko wa mwingine. Mwaka 2015 sheria yetu ilirekebishwa ili kuanzisha Mfuko wa Udhamini wa Ukimwi. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa pamba na wa samaki zina njia ya kuonyesha mfano, kwa kutenga sehemu ya ushuru huo kwa ajili ya afya ya wale wanaoivuna pamba na kuwavua samaki hao.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tuna ombi mahsusi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vinajua nani ameingia mwaloni na nani ameondoka, na neno lake husikika. Viweke utaratibu wa kugawa dagaa ambao mwanamke atanunua kwa zamu na kwa bei iliyo wazi, pasipo kuomba hisani ya mtu. Matajiri wenye mitumbwi nao wawashauri vijana wao kuweka sehemu ya mgawo akiba kabla ya siku za mbalamwezi. Kijana mwenye lengo la kununua ng'ombe au kujenga nyumba ana sababu ya kuiogopa kesho, na mwenye kuiogopa kesho hujilinda leo.

Na kwa kijana mwenyewe hatuna hotuba ndefu. Ameshaambiwa mengi, na ameyasikia. Tunamwambia tu kwamba kipimo kinachukua dakika chache, kwamba dawa ipo na ni bure, na kwamba uanaume wa kumrudia mkeo au mchumba wako ukiwa unajua hali yako ni mkubwa kuliko ule unaosimuliwa kilabuni.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tunauona; uko katika miaka ile kumi na mitano ambamo kijana wetu ametoka mikononi mwa mwalimu na bado hajafika mikononi mwa daktari. Msimu wa pamba utafika tena, na mwezi utapevuka tena kama kawaida yake. Tungependa kuona ni halmashauri ipi itakayokuwa ya kwanza kuipeleka boti yake usiku huo.